Kabla ya Kutuma Mchango wa Chakula kwa Familia ya Mtaani na Mbwa Wao

Ombi linaingia kwa grupu ya WhatsApp saa tatu usiku: picha ya mama na watoto wawili chini ya daraja, mbwa amejikunja miguuni pao, na chini yake namba ya simu. Unataka kutuma mia mbili. Tuma, lakini tuhakikishe kwanza zinafika kwa hao unaowaona.

Tuanze na mbwa, maana kuna wanaouliza mbona alishwe na watu hawajashiba. Anayelala nje Nairobi anaogopa baridi ya Julai na mtu wa kumvizia usiku, na mbwa humsaidia kwa yote mawili. Kile kidogo kinachopatikana, familia hugawana naye. Akiletewa chakula chake, sahani ya mtoto haipunguzwi. Na si lazima kiwe cha dukani: ugali na omena, au mapafu yaliyopikwa vizuri kutoka buchari, vinaweza kumshibisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa na vitunguu asipewe.

Hesabu ya kitaifa ya familia za mtaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi. Kazi ya kuwalisha kwa kawaida imegawanyika: kuna mashirika ya watu, na kuna ya wanyama kama KSPCA. Kikundi kinachobeba sufuria ya githeri na mfuko wa chakula cha mbwa kwa pamoja mara nyingi ni kidogo, cha majirani au watu wa kanisa moja. Hapo ndipo uangalifu unahitajika.

Ukishaweka namba na kiasi, angalia jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha. Lisome polepole. Paybill au till yenye jina la kikundi ni dalili nzuri. Jina la mtu binafsi si ushahidi wa wizi, kwa sababu vikundi vingi hutumia simu ya mweka hazina. Ila hapo piga simu kwanza. Uliza wanapika siku gani, wapi, na kama unaweza kupita uone. Uliza pia cheti: kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mtu mkweli hakasiriki akiulizwa hivyo. Swali lingine zuri ni kama hao mbwa wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Watoto wanalala nao, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030. Kikundi kinachojua kazi yake kitakuwa na jibu.

Kwa paybill, usipuuze ile sehemu ya namba ya akaunti. Wengi huandika jina lao tu. Kikundi kikikubali, andika CHAKULA, MBWA au CHANJO. Neno hilo huonekana kwa taarifa ya mweka hazina, kwa hivyo anaweza kutenganisha pesa za unga na za chanjo bila kubahatisha. Angalia pia ada. Kuna paybill ambazo mtumaji ndiye hulipa, nyingine mpokeaji, nyingine mnagawana. Ukichanga hamsini hamsini kila siku, linganisha kwanza ada hiyo na ile ya kutuma mara moja kwa wiki.

Nyinyi mnaochangisha, mna hatari yenu. Mtu anaweza kuwaandikia kwamba ametuma elfu tano badala ya mia tano na anaomba zilizozidi. Msiamini SMS; angalieni salio. Zikiwa zimeingia kweli, msimrudishie kwa namba nyingine anayowapa, mwambieni apitie huduma kwa wateja. Na hakuna anayehitaji PIN yenu ili awatumie mchango. Mkianza kuchangisha kwa umma, ulizeni kuhusu kibali kinachotakiwa na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, tupigie papo hapo, ukiwa na kodi ya muamala iliyo kwa SMS. Usingoje asubuhi, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni vigumu sana.