Sabufa ya tarakilishi: Kona ya chumba si mahali pake

WAPANGAJI wengi wa mijini wanaponunua seti ya spika za tarakilishi hukaa dukani muda mrefu wakilinganisha ukubwa wa kasha na idadi ya wati zilizochapishwa kwenye boksi. Wafikapo nyumbani, huisukuma sabufa hadi pale ambapo waya utakubali kufika na nafasi itapatikana. Aghalabu pale huwa ni konani, nyuma ya mlango au katikati ya ukuta na kabati. Hapo ndipo besi huanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, naye jirani akaanza kugonga ukuta.

Lawama hutupiwa chombo. Mwenyewe husema aliuziwa bidhaa duni, au akarudi dukani kutafuta kubwa zaidi. Ilhali katika visa vingi tatizo si sabufa bali ni mahali ilipowekwa, na kuisogeza kwa mita moja au mbili, kazi isiyogharimu hata ndururu, kungemfaa kuliko kununua nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Mitaani neno 'wufa' hutumiwa kumaanisha seti nzima, pamoja na redio yake na taa zinazometameta. Katika makala haya, sabufa ni lile kasha moja kubwa ambalo kazi yake ni kutoa sauti nzito tu: gita la besi, mshindo wa ngoma, ngurumo za filamu. Sauti nyinginezo huachiwa zile spika mbili ndogo zinazokaa mezani, moja kushoto na nyingine kulia mwa skrini.

Spika hizo mbili hazina mjadala mkubwa, kwani mahali pake panajulikana. Sabufa ndiyo huleta utata, na chanzo cha utata huo ni urefu wa wimbi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takribani mita 343 kwa sekunde. Sauti nyembamba yenye mitetemo 3,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 11 hivi, linaloweza kutoshea kiganjani. Sauti nzito yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la zaidi ya mita nane na nusu, refu kuliko vyumba vingi tunavyolala. Masikio yetu, yaliyotenganishwa na upana wa kichwa tu, hushindwa kutambua wimbi refu namna hiyo linatoka upande gani.

Hii ndiyo asili ya ushauri uliozoeleka kwamba sabufa inaweza kufichwa popote. Ushauri huo una ukweli, ila ulitolewa kwa mitambo ya aina nyingine. Katika mfumo wa THX wa sinema za nyumbani, sabufa huachiwa sauti zilizo chini ya mitetemo 80 kwa sekunde pekee. Spika ndogo za tarakilishi, zenye koni zisizozidi upana wa kikombe cha chai, haziwezi kushuka hadi hapo. Kwa hivyo watengenezaji huipa sabufa mzigo mkubwa zaidi, mara nyingi hadi mitetemo 150 kwa sekunde au hata zaidi, na kufikia hapo sikio huwa limeshaanza kubaini mwelekeo. Sauti ya mwanamume anayezungumza imo katika eneo hilo. Iweke sabufa nyuma ya kiti, kisha usikilize taarifa ya habari: utamsikia msomaji akizungumza mbele yako huku kifua chake kikitokea nyuma ya mgongo wako.

Hata hivyo, mkosaji mkubwa ni chumba chenyewe. Chukua karai la maji ulibebe kwa mikono miwili, ukitembea. Maji huanza kuyumba. Yanapanda ukingo huu, yanashuka, yanapanda ukingo wa pili, na ukitazama katikati utaona kwamba hapo kimo cha maji hakibadiliki sana. Tena karai lina mwendo wake wa kuyumba: ukipiga hatua kwa mwendo uo huo, maji humwagika hata kama hukutembea kwa nguvu.

Hewa iliyomo chumbani hufanya vivyo hivyo. Tutwae chumba ambacho wapangaji wengi wa Nairobi na Mombasa wanakifahamu, kile cha futi 10 kwa futi 10, yaani takribani mita 3.05 kila upande. Wimbi ambalo nusu yake inatosha barabara kati ya kuta mbili za chumba hicho ni la mita 6.1, nalo ni wimbi la mitetemo 56 kwa sekunde. Sauti hiyo ikipigwa, shinikizo lake huwa kubwa zaidi kwenye kuta na hafifu mno katikati ya chumba. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za upande wa pili nazo huchagua sauti iyo hiyo, ikawa tatizo limejirudia mara mbili. Baya zaidi, uzi wa pili wa gita la kawaida la besi, ule wa noti ya A, hutetema mara 55 kwa sekunde. Mpenzi wa rumba anayeishi katika chumba cha aina hiyo hana budi kuwa amewahi kushangaa kwa nini mpiga besi, ambaye vidole vyake vinatembea kwa utaratibu mzuri, ghafla anapofika kwenye noti moja huonekana kana kwamba amepandwa na wazimu. Mpiga besi hana hatia.

Kona ni mahali ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, na kwa sababu hiyo sabufa iliyowekwa hapo huamsha miyumbo yote ya chumba kwa pamoja. Isitoshe, kila uso mkubwa ulio karibu na sabufa huirudisha ile sauti ambayo ingeenda upande huo, na kinadharia huweza kuiongeza kwa hadi desibeli 6. Kutoka katikati ya sakafu hadi ukutani ni ongezeko moja, na kutoka ukutani hadi konani ni la pili. Desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu za amplifaya mara nne. Ndiyo sababu muuzaji anayetaka kukuonyesha maajabu ya sabufa ndogo huiweka kona ya duka. Anachokuuzia hapo, kwa kiasi fulani, ni kona.

Kwa ukumbi mkubwa wenye sabufa ndogo, kona yaweza kuwa na faida. Kwa mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi katika chumba kidogo, rai ya mwandishi huyu ni kwamba hasara zake ni nyingi kuliko manufaa. Mtu huyu hahitaji kuvijaza vyumba vitatu. Anahitaji sauti ifike umbali wa mita moja tu, na msikilizaji akiwa karibu na sabufa husikia zaidi sauti inayotoka kwenye kasha lenyewe kuliko ile inayorudi kutoka kutani, naye huweza kuipunguza bila kupoteza utamu.

Mahali pa kuanzia basi ni sakafuni, mbele yako, chini ya meza au kando yake, kati ya zile spika mbili ndogo au si mbali nazo. Isiwe katikati kabisa ya ukuta, wala isibanwe konani. Umbali wake kutoka ukuta mmoja usilingane na umbali wake kutoka ukuta wa pili. Tundu la kupumulia, ambalo katika seti nyingi liko ubavuni au nyuma, liachiwe nafasi ya shubiri moja. Kumbuka pia kwamba katika seti nyingi za tarakilishi amplifaya imo ndani ya sabufa hiyo hiyo na hutoa joto, hivyo basi kuifunika kwa kitambaa cha kufuma, hata kiwe kizuri namna gani, si jambo la busara.

Kutoka hapo, masikio ndiyo yatakayoamua. Ipo mbinu ambayo mafundi wa sauti wameitumia kwa miaka mingi, na ambayo huwachekesha watazamaji. Iweke sabufa juu ya kiti unachoketi ukitumia tarakilishi, au karibu nacho kadiri nyaya zitakavyoruhusu. Ucheze wimbo wenye gita la besi linalopanda na kushuka bila kukoma, uurudie rudie. Kisha upige magoti na kutambaa sakafuni, kichwa kikiwa chini kwenye kimo cha sabufa, ukisikiliza katika kila sehemu ambapo ungeweza kuiweka. Kwingine besi itavimba, kwingine itatoweka kabisa. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu zinazokaribiana, weka alama. Hapo ndipo pa sabufa, nawe urudi kitini.

Mbinu hii si uganga. Inategemea kanuni kwamba, chumbani, chanzo cha sauti na msikilizaji wakibadilishana nafasi, kinachosikika hakibadiliki. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliifafanua kanuni hiyo katika kitabu chake 'The Theory of Sound', ambacho juzuu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1877, kabla hata ya sabufa kufikiriwa.

Huenda ukagundua kwamba kinachofaa kuhamishwa ni kiti. Anayeketi katikati kabisa ya chumba mraba atakosa besi ya noti zile za chini hata akinunua sabufa yenye ukubwa wa pipa, kwa kuwa amejiweka pale katikati ya karai. Kusogeza meza sentimita 40 kwaweza kumrejeshea kilichopotea.

Tukija kwa jirani, hali ni ngumu zaidi. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, lakini kila mitetemo inapopungua kwa nusu, uwezo wake wa kuzuia nao hupungua kwa takribani desibeli 6. Ndiyo maana ukisimama kwenye ujia wa ploti usiku husikii maneno ya wimbo. Unasikia dundo, dundo. Katika nyumba za mabati au mbao, besi hupenya na kutoka nje karibu bila kipingamizi. Katika maghorofa ya mawe na saruji, hupita pia ndani ya sakafu yenyewe na kumfikia aliye chini.

Kwa hivyo usiiegemeze sabufa kwenye ukuta mnaotumia pamoja na jirani. Chini ya miguu yake weka vipande vya mpira mzito au sponji ngumu, ili mtikisiko wa kasha usiingie sakafuni moja kwa moja. Ikiwa koni ya sabufa yako inatazama chini, hakikisha vipande hivyo haviizibi. Nayo isigusane na mguu wa meza, la sivyo kalamu na vikombe vitaanza kucheza. Vipande hivyo havizuii sauti ipitayo hewani, na trei za mayai zinazobandikwa kutani hazina msaada wowote kwa besi. Wimbi la mita sita halitishwi na kadibodi.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupindukia, zilizochapishwa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliweka kikomo cha desibeli 35 katika makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tatizo ni kwamba kipimo kilichotajwa humo hufuata usikivu wa kawaida wa sikio, na kwa sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde hupunguza takribani desibeli 30 kabla ya kutoa jibu. Mlalamishi anaweza kuwa hajapata usingizi kwa wiki nzima, na mashine ikasema kuna utulivu.

Wasiwasi wa zamani kwamba sumaku ya sabufa itaharibu rangi za skrini ulihusu zile skrini zenye kisogo. Skrini bapa haziathiriki. Diski ngumu zinazozunguka ndizo za kuangaliwa. Mwaka wa 2022 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia jinsi aina fulani za vipakatalishi vya zamani zilivyokuwa zikizimika wimbo 'Rhythm Nation' wa Janet Jackson ulipochezwa, kwa sababu wimbo huo ulikuwa na sauti iliyolingana na mtetemo wa asili wa diski zake. Kisa hicho ni cha nadra. Hata hivyo, kuweka kasha la tarakilishi yenye diski ya aina hiyo juu ya sabufa, jambo linalofanywa sana ili kuokoa nafasi, ni kuitafutia maradhi.

Linabaki suala la kiwango. Ukishapata mahali, zungusha kitufe cha besi hadi mwisho wa chini, ufungue matangazo ya Radio Taifa, kisha upandishe pole pole. Sauti ya msomaji wa habari ikianza kutoka kana kwamba amejifungia ndani ya pipa, umepita kiasi. Rudi nyuma kidogo. Baada ya hapo cheza wimbo wako kwa sauti unayoitumia jioni, ufunge mlango, utoke ujiani na kusimama mbele ya mlango wa jirani kwa dakika moja. Ukisikia dundo hapo, shuka tena.