Je, Wajua? Wasichana wa Nungwi na Bahari

Je, wajua kwamba huko Nungwi, kijiji cha wavuvi kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, wasichana wengi wamekua kando ya bahari bila kujua kuogelea?

• Kikwazo kimojawapo kilikuwa mavazi, kwa kuwa nguo za kawaida za kuogelea hazikuafiki stara inayotakiwa na dini na mila.

• Mradi wa Panje, uliowafundisha wasichana hao kuogelea, uliwapatia burkini, yaani vazi la kuogelea linaloacha wazi uso, viganja na nyayo tu, na wanawake waliohitimu mafunzo hayo wakawa wakufunzi wa wenzao.

• Chombo cha kujifunzia kuelea ni dumu tupu la plastiki, kwani hewa iliyofungiwa ndani yake humwinua anayelikumbatia. Dumu hilohilo, likifungwa kamba, laweza kurushiwa anayezama, ili mwokoaji asihatarishe maisha yake majini.

• Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani.