Kazi: Kuipata na Kudumu Nayo

Wiki hii napenda tuzungumzie neno ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba za viongozi, waajiri na walimu: kuajirika. Wengi wetu hulichanganya na kuajiriwa. Kuajiriwa ni kupewa kazi leo. Kuajirika ni kuwa na sifa za kupewa kazi, za kudumu nayo, na ikiisha, za kupata nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri Mkuza, pale Kibaha mkoani Pwani, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kibaha ilikuwa na kiwanda cha TAMCO, kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Uzalishaji ukasimama, na ajira zikaenda nao. Leo katika eneo hilo hilo vipo viwanda vingine, kikiwamo cha kuunganisha magari na kile cha kutengeneza dawa ya kuangamiza viluwiluwi vya mbu. Kiwanda kilikufa, lakini ufundi wa kuchomelea, wa umeme na wa injini haukufa pamoja nacho. Aliyekuwa nao alibaki na kitu cha kuuza.

Hata hivyo, kuwa na ujuzi ni jambo moja na kuuthibitisha ni jambo jingine. Chukua mfano wa kijana wa Mkuza aliyejifunza kuchomelea gereji kwa mjomba wake kwa miaka kumi. Mageti yake hayana kasoro. Akifika kwenye lango la kiwanda anaulizwa cheti, naye hana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtaani ni kweli, maana jirani ameliona geti. Kiwandani ofisa anayeajiri hajaliona. Mbele yake ana karatasi tu.

Kwa fundi wa namna hiyo ipo njia ambayo wengi hawaijui. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa katika kazi anayoifanya, hufundishwa yale anayopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Hana haja ya kuanza upya darasani wakati watoto wanasubiri chakula nyumbani. VETA wana chuo hapo hapo Kibaha. Kadhalika, kwa anayeanza tangu mwanzo, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi chini ya Shirika la Elimu Kibaha, shirika lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki uliokabidhiwa Serikali yetu mwaka 1970.

Basi, tuseme cheti kimefungua lango. Je, kitamweka mtu ndani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja sababu ambazo mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi kwa haki: mwenendo, uwezo, kutoelewana kazini, na mahitaji ya uendeshaji. Hiyo ya mwisho haimo mikononi mwa mfanyakazi. Ndiyo inayowakumba watu kiwanda kinapopunguza kazi. Tatu za kwanza kwa sehemu kubwa anazo yeye. Kufika kwa wakati, kutoa taarifa mapema ukiuguliwa, kuuliza usichokijua kabla ya kuharibu mashine: haya hayahitaji shahada. Tena sheria hiyo haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki yule ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Miezi hiyo ndiyo ya kuonyesha wewe ni nani.

Lakini sikubaliani kabisa na wanaomtupia kijana lawama zote. Mwajiri anayemweka mtu kibarua cha kutwa miaka mitatu, bila maelezo ya kazi kwa maandishi ambayo sheria inamtaka atoe, asishangae kibarua huyo akihamia kwa jirani kwa nyongeza ya nauli tu. Aidha, nafasi zikipita kwa kujuana, fundi hodari asiye na ndugu ndani hatajulikana kamwe, na kiwanda chenyewe ndicho kitakachopata hasara. Kubandika tangazo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kunagharimu nini?

Mzazi unayenisikiliza, usiishie kumwuliza mwanao anajua kufanya nini. Mwulize pia: nani mwingine anajua kwamba unajua, na ana ushahidi gani? Akikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia, tena wiki hii.