Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kuitazama upya katiba ya nchi. Tangu hapo Wakongomani wamegawanyika katika hoja mbili kubwa. Wa upande mmoja wanasema nchi hii ni ya demokrasia na mwenye neno la mwisho ni raia. Raia wakitaka kuibadili katiba, nani wa kuwazuia? Wengi wape. Wa upande wa pili wanajibu kwamba hii ni jamhuri, ina sheria iliyo juu ya kila mtu, na katika sheria hiyo yamo mambo ambayo hata kura haiyagusi. Kila upande unashika nusu ya jina la nchi na kuiacha nusu nyingine. Jina lenyewe ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ukitaka kujua kwa nini nusu zote mbili ni za lazima, itazame teritwari ya Fizi, mashariki mwa nchi, kuanzia Baraka kandokando ya Ziwa Tanganyika hadi nyanda za juu za Minembwe.

Tuanze na maana, kwa kuwa ubishi mwingi hutokana na kuyachanganya mambo haya mawili. Jamhuri hujibu swali la nchi ni ya nani: si ya mfalme wala ukoo wala jeshi, ni ya raia wote, na anayeiongoza anashikilia dhamana ya muda chini ya sheria. Demokrasia hujibu swali la nani anaamua: raia wenyewe, kwa kura huru. Nchi inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine. Uingereza ina mfalme, lakini wapiga kura wake huiondoa serikali madarakani. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi za Mobutu, ilijiita jamhuri, na raia hakuweza kumwondoa rais kwa kura. Marekani nako wapo wanaodai kwamba nchi yao ni jamhuri wala si demokrasia, wakimtegemea James Madison, ambaye mwaka 1787 aliandika juu ya hatari ya kundi lenye watu wengi kuwakandamiza wachache. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila dawa yake ilikuwa kuiwekea kura mipaka na wawakilishi, na hiyo haimaanishi kwamba raia anyang'anywe kura.

Watu wa Fizi wameishi chini ya jamhuri nyingi ambazo hazikuwauliza lolote. Mwaka 1964 waasi waliitangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na vita vyao vikafika hadi milima ya Fizi. Novemba 1965 Mobutu alitwaa madaraka kwa nguvu, na mwaka 1970 alijisimamisha kugombea peke yake: mpiga kura alipewa karatasi ya kijani ya kukubali na nyekundu ya kukataa, akachagua mbele ya macho ya watu wa chama chake. Wakati huohuo, katika milima hiyohiyo ya Fizi, Laurent-Désiré Kabila alikuwa na chama chake cha PRP, kilichoanzishwa mwaka 1967, kikitawala vijiji kwa jina la umma. Mkulima wa milimani alikuwa na watawala wa pande mbili, kila mmoja akisema anamwakilisha, na hakumchagua hata mmoja wao. Mei 1997 majeshi ya Kabila yalipoingia Kinshasa, alilirudisha jina la Jamhuri ya Kidemokrasia na kujitangaza rais bila uchaguzi. Funzo ni wazi: ukisema nchi ni ya wote na usiwape wote njia ya kuamua, aliyeshika bunduki ndiye atakayewasemea.

Katiba ya sasa ilijaribu kulitibu jeraha hilo. Ilipigiwa kura ya maoni Desemba 2005, ikakubaliwa na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura, na ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 5 kinasema mamlaka ya taifa ni ya raia. Kifungu cha 70 kinampa rais miaka mitano inayoweza kurudiwa mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa muundo wa jamhuri, haki ya wote kupiga kura, idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama na uhuru wa kuwa na vyama vingi, na kinakataza pia marekebisho yoyote yanayopunguza haki za binadamu au madaraka ya majimbo na ya serikali za mitaa. Anayedai kwamba kifungu hiki kinamfunga raia asisahau kwamba raia ndiye aliyekipitisha. Wananchi waliokwisha kuona marais wasioondoka walijiwekea kizuizi kwa kura yao wenyewe.

Kuna pingamizi lenye uzito hapa: kizazi cha 2005 kinapata wapi haki ya kukifunga kizazi cha leo? Jibu ni kwamba vitu vilivyofungwa ni vilevile vinavyokipa kizazi cha leo uwezo wa kuchagua. Tena tujiulize hao "wengi" ni akina nani. Januari 2011 wabunge walibadili kifungu cha 71 na kuifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Katika uchaguzi wa 2018 mshindi akatangazwa kwa asilimia 38 hivi ya kura. Katika uchaguzi huohuo, Beni, Butembo na Yumbi, zenye wapiga kura zaidi ya milioni moja, ziliahirishiwa hadi Machi 2019, ilhali rais alikwisha kuapishwa Januari. Kura ilipigwa, lakini usawa wa raia, ambao ndio uti wa mgongo wa jamhuri, ulivunjwa.

Fizi inahitaji nusu zote mbili kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa wanaishi humo Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyindu, Wanyamulenge na wengineo. Mwaka 2020 kiongozi wa komini ya vijijini ya Minembwe aliposimikwa, ghadhabu ilisambaa nchini. Wengi wa jirani wa Wanyamulenge waliona ardhi yao inamegwa bila idhini yao. Wanyamulenge wengi waliona wanapata hatimaye utawala ulio karibu nao, baada ya miaka ya kuulizwa kama ni Wakongomani. Oktoba mwaka huo Rais aliifuta hatua hiyo. Kinshasa ilisimika, Kinshasa ikafuta, na hapakuwa na baraza lolote lililochaguliwa na wakazi ambamo jambo hilo lingejadiliwa uso kwa uso. Lakini hata lingekuwapo, wingi wa kura usingetosha kuamua ni nani raia na nani si raia. Mipaka ya komini inaweza kupigiwa kura. Uraia wa jirani hauwezi.

Baraza hilo, kwa sheria, lilipaswa kuwapo zamani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inatofautisha sheferi na sekta. Sheferi huongozwa na mkuu anayetokana na mila, kama mwami wa Bafuliiru katika teritwari ya Uvira. Sekta ni muungano wa jamii mbalimbali, na mkuu wake anatakiwa kuchaguliwa na baraza ambalo wajumbe wake wamechaguliwa na wakazi. Fizi yote imegawanywa katika sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Baraka, iliyopewa hadhi ya mji, nayo ilipaswa kuwa na baraza linalomchagua meya. Mwaka 2023 madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, ila katika miji mikuu ya majimbo tu. Fizi na Baraka hazikuwamo. Mama anayeuza ndagala sokoni Baraka hulipa ushuru wake asubuhi, na hana diwani wa kumuuliza fedha zile zimechimba mtaro gani au zimeezeka banda gani. Ameruhusiwa kumchagua rais aliye Kinshasa, lakini hakuruhusiwa kumchagua anayesimamia soko lake.

Watasema vita haviruhusu. Ni kweli Bukavu, mji mkuu wa jimbo ilimo Fizi, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na hakuna anayeweza kupanga vituo vya kura mahali risasi zinapolia. Lakini Fizi ilishiriki uchaguzi wa 2006, 2011, 2018 na 2023, na miaka yote hiyo milima yake ilikuwa na makundi yenye silaha. Kama masanduku ya kumchagua rais yalifika, ya baraza la sekta yangeweza kufika pamoja nayo siku ileile, na gharama isingekuwa ya safari mbili. Wengine watasema wazee wanatosha. Wabembe kweli hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo yalisemwa kati ya wazee wa koo. Busara hiyo ina nafasi yake barazani, lakini mzee wa ukoo husemea ukoo wake, na sekta ni ya koo na makabila mengi.

Kwa hiyo anayeuliza kama Kongo ni jamhuri au demokrasia aulizwe naye: sekta zetu zitachagua lini mabaraza yao, na kifungu cha 220 kitabaki salama? Tume yoyote ya katiba inayotaka kusikilizwa Fizi ianze kwa kutimiza ahadi ambazo sheria imekwisha kuzitoa. Raia ambaye hajawahi kulichagua baraza la sekta yake ana haki ya kumshuku yeyote anayekuja kumwambia kwamba, kwa jina la kura yake, mipaka ya mkubwa iondolewe.