Msomaji Aliyekitupa Kitabu Motoni

Meneja mmoja wa benki, mkazi wa viungani mwa mji nchini Uingereza, aliletewa kitabu na mkewe. Mke alikuwa amekisoma na kukiona kinachekesha kiasi. Mume akaketi mbele ya moto sebuleni, akanyoosha miguu, akakisoma chote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku uso ukizidi kukunjamana. Alipomaliza alisimama, akatamka kwamba ule ni ufidhuli mtupu, kisha akakitupa motoni. Kisa hiki kimesimuliwa na mwandishi wa kitabu chenyewe, George Mikes, katika dibaji aliyoiandika kitabu kilipofikia kuchapwa mara ya 24. Vitabu vimechomwa mara nyingi duniani, kwa hiyo moto haushangazi sana. Kinachoshangaza ni furaha ya Mikes. Alimwita mtu yule mzalendo mwenye roho ya kiungwana, akasema alimtendea wema mkubwa, na kwamba alitamani England ingekuwa na wengi wa namna yake. Hakumpata wa pili.

Kitabu ni How to be an Alien, kilichotoka London mwaka 1946 kwa mchapishaji André Deutsch, na michoro ya Nicolas Bentley. Mikes alikuwa mwandishi wa habari kutoka Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1912. Gazeti la Budapest lilimtuma London mwaka 1938 aripoti mgogoro wa Munich kwa muda mfupi, naye akabaki huko mpaka kufa. Katika kurasa chache anamfundisha mgeni jinsi ya kuishi na Waingereza: asimpinge mtu yeyote anapozungumzia hali ya hewa, ajue kwamba kupanga foleni ni shauku kuu ya taifa zima, hata kwa aliye peke yake kituoni, asishangae namba za nyumba zikionekana zimepangwa ili kumpoteza. Chai, kwa maelezo yake, ilikuwa kinywaji kizuri mpaka Waingereza walipoiharibu. Sura ya mapenzi ni ya sentensi moja, na wengi hawakumbuki kingine chochote cha kitabu hiki isipokuwa sentensi hiyo.

Mikes anaeleza kwamba aliandika akitazamia ghadhabu. Alijiona mchokozi, mtu anayewarushia wenyeji changamoto mezani pao. Badala yake alisifiwa. Waingereza walikinunua, wakamwambia kinapendeza. Kilichomvunja moyo kabisa ni simu kutoka ofisi ya habari ya serikali, iliyoomba ruhusa kitabu kitafsiriwe kwa ajili ya wakimbizi wa Poland waliokuwa wakihamia Uingereza baada ya vita. (Baadhi ya Wapolandi waliofika huko katika miaka hiyo walikuwa wameishi kwanza kambini Tengeru, karibu na Arusha.) Ofisa aliyepiga simu alisema wangependa marafiki zao wawaone katika mwanga ule. Mikes alijaribu kumweleza kwamba mwanga wenyewe haukuwa wa kuwapendezesha sana. Haikusaidia. Alichokitunga kuwa uchokozi kilikuwa kimeshaingizwa katika mpango wa kuwakaribisha wageni.

Hapa ndipo ninapoona kwamba maoni ya wasomaji wa kitabu cha kuchekesha yanahitaji kupimwa kwa kipimo kingine kuliko wingi wa kicheko. Tumezoea kudhani kwamba jamii inayocheka inapochorwa na mgeni ni jamii iliyokomaa, na anayekasirika ana moyo mwembamba. Lakini kucheka kunategemea pia nani anamudu. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka kushinda vita, na India ilikuwa bado mikononi mwake. Mtu wa Hungaria, nchi iliyokuwa upande wa Hitler, alikuwa katika hali tofauti kabisa. Wageni walitakiwa kujiandikisha polisi. Deutsch mwenyewe, mzaliwa wa Budapest aliyekichapisha kitabu, aliwahi kuzuiliwa kwa muda wakati wa vita katika kisiwa cha Man kwa sababu ya asili yake. Mikes alipata uraia mwaka uleule wa kitabu. Aliyewatania wenyeji hakuwa na uwezo wa kuwanyang'anya chochote, nao walilijua hilo. Mwenye nyumba hana gharama akicheka mgeni wake anapomsema kwamba chai yake ni mbaya, maana kesho atapika chai ileile na mgeni atainywa. Kicheko cha namna hiyo kina ukarimu ndani yake, sikatai. Kina pia uamuzi ambao haukutamkwa: kwamba maneno ya huyu hayatatubadilisha.

Meneja wa benki hakufanya uamuzi huo. Kwake yeye maneno ya Mikes yalikuwa maneno ya mtu mzima aliyekusudia alichokisema. Aliyasikia kama tusi kwa sababu aliyapa uzito wa tusi. Na alikisoma chote. Hilo ndilo jambo ninalolirudia zaidi katika kisa hiki, kwa sababu mtu aliyeudhika kwa kawaida hufunga kitabu ukurasa wa kumi na kuanza kukisimulia vibaya kwa rafiki zake. Huyu aliendelea na sura ya foleni, ya hali ya hewa, ya chai, hasira ikipanda lakini macho hayaachi mistari. Katika wasomaji wote ambao dibaji ile inatuonyesha, yeye peke yake ndiye tunayeambiwa jinsi alivyosoma: mahali alipoketi, uso wake ulivyobadilika, alichosema alipomaliza. Waliosifu wamebaki umati usio na sura.

Atakayenipinga kwa haraka ataniuliza iwapo namtetea mchoma vitabu, tena muda mfupi baada ya kuanguka kwa utawala uliowasha moto wa vitabu Berlin mwezi Mei 1933. Tofauti iko wazi. Wale wa Berlin walichoma ili wengine wasisome, na huenda vitabu vingi walivyovitupa hawakuwa wamevifungua. Huyu alichoma nakala iliyokuwa nyumbani kwake baada ya kuimaliza, na hatuambiwi kwamba alimwandikia mbunge wala polisi. Kitendo chake hakina adabu, na mkewe alistahili kuulizwa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekileta kitabu. Lakini hakumzuia mtu mwingine yeyote kusoma wala kucheka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwetu. Katika utani wa makabila, jinsi unavyojulikana Tanzania kati ya Wachaga na Wapare, au kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, anayekasirika ndiye aliyekosea. Mtani anaweza kuja msibani akaigiza marehemu, akadai alipwe ndipo jeneza litoke, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Kwa kanuni hiyo meneja wetu alivunja heshima, na Waingereza waliocheka walikuwa watani wazuri. Ningekubali, kama masharti mengine ya utani yangekuwapo. Utani una kurudishiana: leo umenisema kwa ubahili, kesho nakusema kwa ulafi, na hakuna kati yetu anayehesabiwa kuwa mgeni wa mwenzake. Una pia wajibu: mtani yuleyule anayekejeli msibani ndiye anayetarajiwa kushika jembe kaburi lichimbwe. Kati ya Mikes na taifa lililompokea hapakuwa na mapatano ya namna hiyo. Yeye alikuwa akitania jamii ambayo ingeweza kumnyima kibali cha kuishi, na jamii hiyo haikuona haja ya kumjibu. Tukiuleta utani wetu kupima jambo hili, tutagundua kwamba waliomcheka kwa upole ndio waliomnyima haki ya mtani, yaani kujibiwa. Meneja, kwa ukali wake wote, alijibu.

Wengine watasema Waingereza wanajulikana kwa kujicheka wenyewe, na kwamba naona mamlaka mahali palipo na tabia njema tu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Lakini yeyote aliyesoma kitabu anaona kwamba mahali kinapochoma zaidi si kwenye chai wala mvua. Kinachoma pale kinapoeleza kuwa mgeni anaweza kujifunza kila kitu, akapata uraia, akazungumza vizuri kuliko jirani yake, na bado asiwe mmoja wao. Hayo ni mashtaka. Kama wasomaji wa 1946 wangeyasikia, wangekuwa na la kusema juu yake. Kwa ushahidi wa mwandishi mwenyewe, waliyapitia kwa tabasamu sawa na lile la chai.

Kuna pia wanaosema kwamba Mikes alikuwa mchekeshaji, na kumsifu mchoma kitabu chake ni mzaha mwingine tu. Huenda. Habari za meneja yeye mwenyewe alizisikia kutoka kwa wengine. Hakuwapo sebuleni, na sisi tunaye yeye tu kuwa shahidi. Lakini hata kama mzaha, ni mzaha wenye mwelekeo: mwandishi aliyeuza sana alichagua, miaka kadhaa baadaye, kumtukuza msomaji mmoja aliyemchukia, na kulalamika juu ya waliompenda. Aliandika vitabu vingine vingi, kuhusu Marekani, Israel, Japani, Amerika ya Kusini, hata paka wake, na bado alijulikana kwa kile kimoja. Maswali mengine yanabaki bila mtu wa kuyajibu. Ni ukurasa gani uliomkunja meneja uso kwa mara ya kwanza? Mkewe alisema nini asubuhi iliyofuata? Na je, alichokiona kinachekesha yeye ndicho hasa kilichomuudhi mumewe?

Hapa Afrika Mashariki tunacho kitabu ambacho jina lake limejengwa kwa mtindo huohuo, How to be a Kenyan cha Wahome Mutahi, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1996 na East African Educational Publishers. Wasomaji walikwisha kumjua Mutahi kwa safu yake ya Whispers, iliyosomwa kila Jumapili kwa miaka mingi, yenye mzee wa nyumba anayejidai na mkewe Thatcher asiyetishika. Mutahi hakuwa mgeni anayetoa maoni kutoka mlangoni. Alikuwa mwenyeji, na msomaji aliyeudhika hakuweza kumwambia arudi kwao. Alikwisha pia kuonja gharama ya maneno: mwaka 1986 alikamatwa na kufungwa, si kwa kuchekesha bali kwa tuhuma za kuhusika na Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na kutokana na yaliyompata aliandika riwaya ya Three Days on the Cross. Kwa hiyo alipowacheka Wakenya kwa tabia zao mbele ya pesa, pombe na wakubwa, kicheko chake hakikuweza kupokewa kuwa burudani ya mgeni aliyealikwa. Michezo yake ya Kigikuyu, iliyomdhihaki mtawala anayeweweseka, alikwenda kuionyesha katika mabaa, mbele ya watu ambao wangeweza kumjibu papo hapo, na ndivyo alivyotaka. Alifariki Julai 2003. Zawadi ya fasihi yenye jina lake imekuwa ikitolewa Kenya tangu 2006, heshima aliyostahili. Lakini kwa mtazamo wangu heshima kubwa zaidi ilikuwa ile ya baa, ambako mtazamaji na mwandishi walikuwa na uwezo sawa wa kuumizana.

Ndiyo maana nasema kwamba kati ya maoni yote yaliyokipata kitabu cha Mikes, ya meneja wa benki ndiyo yaliyomwelewa zaidi, ijapokuwa hayakuwa ya haki. Mikes alifariki London mwaka 1987. Katika muongo huohuo kitabu chake cha wageni kiliunganishwa na vingine viwili alivyoandika juu ya Waingereza, vikauzwa pamoja kwa jina la How to be a Brit, na kwa jina hilo wasomaji wengi wa leo hukikuta madukani.