KINGA YA JOTO LA BOMBA LA MOSHI KATIKA MAGARI YANAYOUNDWA UPYA NA MAFUNDI

Wakazi wa Ilomba na kata nyingine za Jiji la Mbeya, pamoja na watumishi wa Serikali wanaomiliki au kusimamia vyombo vya usafiri, wanaelezwa hapa juu ya kifaa ambacho husahaulika mara nyingi gari linapoundwa upya. Kifaa hicho ni bati la kukinga joto, ambalo hukaa kati ya bomba la moshi na sehemu nyingine za gari.

Nchini Tanzania ni nadra gari kuundwa lote tangu mwanzo. Shirika la Nyumbu la Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1985, liliunda lori lenye jina hilo. Mwaka 2022 gari dogo la umeme lililobuniwa na mchoraji katuni Masoud Kipanya lilionyeshwa Dar es Salaam. Gari hilo halina bomba la moshi, na kwa hiyo halimo katika maelezo haya. Kazi inayofanyika zaidi ni ile ya kujenga juu ya chasisi iliyotoka ng'ambo. Ndivyo yalivyopatikana magari ya abiria ya bodi ya mbao ya Unguja na Pemba, na ndivyo zilivyopatikana zile pikapu za Dar es Salaam zilizoitwa "chai maharage", ambamo abiria waliketi wakitazamana. Katika gereji zilizo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, pikapu hurefushwa, viti huongezwa, na injini ya petroli hutolewa ikawekwa ya dizeli.

Hapo ndipo tatizo huanzia. Kiwanda hufinyanga bati la kinga kwa kufuata umbo la bomba lake. Injini ikibadilishwa, mchomeleaji hutengeneza bomba jipya linalopita njia nyingine, na bati la zamani halikai tena. Hutupwa. Pengine gari halikubadilishwa kitu, ila bati limeoza kwa kutu na linagongagonga. Mwenye gari hulalamikia kelele, fundi hulikata, na wote wawili huridhika.

Moshi unaotoka katika injini ya petroli iliyolemewa na mzigo unaweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia maandazi huwa na nyuzi kama 180 tu. Joto la bomba hupungua kadiri linavyokwenda nyuma, lakini magari mengi ya petroli yanayotoka Japani yana kopo la kusafishia moshi, lenye matundu kama masega ndani yake, nalo hufanya kazi likiwa na joto la mamia ya nyuzi chini kabisa ya sakafu ya gari. Waya za umeme za kawaida zina ngozi ya plastiki inayoanza kulainika kabla joto halijafikia la maji yanayochemka. Ngozi hiyo ikiyeyuka, waya hugusa chuma, cheche hutoka, na moto huanza mahali ambapo dereva haoni.

Wengi huamini kwamba dizeli haina hatari kwa sababu haiwaki upesi kwa kiberiti. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya Mbeya, na dizeli haifanyi hivyo. Lakini katika kuwaka kwenyewe kwa joto tu, bila cheche wala kiberiti, dizeli huhitaji joto dogo kuliko petroli. Paipu ya dizeli inayovuja juu ya bomba lisilo na kinga si jambo la kupuuzwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika nchi ya milima ni wakati wa kusimama. Gari lililopanda na mzigo kuelekea Chunya hupozwa na upepo wa mwendo. Likisimama, upepo huo hukoma ilhali chuma bado ni cha moto, na joto hupanda kwenye sakafu, paipu na waya. Likiegeshwa penye majani makavu wakati wa kiangazi, majani hayo yanaweza kushika moto.

Kutengeneza kinga si kazi ya gharama kubwa. Bati jembamba la chuma au alumini hufungwa kwa boliti, likiachiwa nafasi ya hewa kama upana wa kidole, kwani bati linalogusa bomba hupitisha joto badala ya kulizuia. Karibu na injini hutumika chuma, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kitambaa cha asbesto, ambacho mafundi wa zamani walikipenda, kisitumike; vumbi lake huharibu mapafu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kila gari liwe katika hali nzuri ndipo liingie barabarani, na kuhakikisha hilo ni kazi ya wakaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi. Uingereza imekwenda mbele zaidi: gari lililoundwa nyumbani hupimwa peke yake kabla ya kusajiliwa, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1998 na kufanywa upya mwaka 2009. Hapa nchini, aliyebadilisha injini au bodi anapaswa kuhakikisha kwamba kadi ya gari inalingana na gari lenyewe, na daftari la usajili liko Mamlaka ya Mapato Tanzania. Wenye magari ya abiria huhusika pia na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Kabla ya kulipeleka gari kwenye ukaguzi, mwenye gari alale chini yake likiwa limepoa, akiwa na tochi, afuate bomba kuanzia injini hadi mwisho. Kila linapopita karibu na paipu ya mafuta, paipu ya breki, waya, mpira au mbao, pawe na bati. Waendesha bodaboda nao waangalie kinga ya sailensa iliyo upande wa mguu wa kulia. Chuma chenye nyuzi 70 huunguza ngozi kwa muda wa sekunde moja, na abiria wa kwanza kuligusa huwa ni mtoto.