Herufi Mbili Zilizotushinda

Mtoto wa Goma hukanyaga mawe meusi ya volkano tangu siku anayoanza kutembea. Nyumba zetu zimesimama juu yake, nyua zetu zimezungushiwa hayo hayo, na viatu vyetu vyachakaa kwa ajili yake. Moto wa Nyiragongo uliopita katikati ya mji mwezi wa Januari 2002 uliacha mawe mengi mapya, na ule wa Mei 2021 ukaongeza mengine upande wa kaskazini. Hata hivyo, sisi walimu hatukujua ya kuwa baadhi ya mawe hayo yana jina la Kiingereza lenye herufi mbili tu. Tulilijua kwa aibu, na aliyetujulisha ni mwanafunzi.

Tulikuwa tukicheza Scrabble pamoja na wanafunzi wa sekondari. Ubao una miraba 225, vibao vya herufi ni 100, na kila mchezaji hushika saba ili aunde neno liungane na yaliyokwisha kupangwa. Sisi hatukuwa na vibao vya dukani; tulikata maboksi, tukaandika herufi kwa kalamu. Mtungaji wa mchezo huu ni Mmarekani, Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi katika dhiki kuu ya miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti, apate kujua ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Ndiyo maana katika Kiingereza E ni 12 na kila moja ina alama 1, bali Q na Z ni moja moja, zenye alama 10. S alizifanya nne tu, kwa kuwa kila mtu angeitia mwishoni mwa neno, akajipatia wingi bila jasho.

Vijana wetu husema Kiswahili nyumbani, husoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chawajia baadaye. Lakini wakitamani, maana Rwanda na Uganda ni jirani, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo huchukua mchezo wa Kifaransa na kuulinganisha na wa Kiingereza. Mmoja aligundua ya kuwa okapi, mnyama wetu wa msitu wa Ituri, ana alama 16 kwa Kifaransa na 11 tu kwa Kiingereza, kwa sababu ya K. Walicheka sana kuona mnyama wao akishuka bei avukapo mpaka!

Namna ya kutafuta maneno tulianza kuifundisha kwa lugha yetu wenyewe. Chukua A, I, L na M, uzigeuzegeuze: utapata lima, mali, mila, lami, hata imla. Kisha ukienda kwenye Kiingereza, tenga kwanza vile vipande vya mwisho, kama -ing na -er, na vile vya mwanzo, kama un- na re-. Herufi zinazobaki ni chache, na jicho huziona upesi. Aliyeshika Q bila U asikate tamaa. Kamusi ya mchezo yakubali qadi, faqir na waqf, nasi twawajua kadhi, fakiri na wakfu tangu zamani. Yakubali pia bwana, askari, uhuru, na mzee mwenye alama 15.

Basi jioni ile kijana mmoja alibakiwa na A mbili. Akazipanga ubaoni, akasema, “Mwalimu, hilo ni neno.” Tukamwambia si neno. Akasema amelisoma katika habari za Nyiragongo. Tukamwambia asibishane na mwalimu, wala hatukufungua kamusi. Alishindwa kwa alama moja.

Usiku moyo haukutulia. Tukafungua kamusi, na neno la kwanza kabisa katika herufi A likatutazama: aa, jina lililotoka Hawaii, la mawe ya volkano yenye ncha kali. Asubuhi tukasimama mbele ya darasa, tukamwomba radhi, tukambadilishia hesabu. Alishinda kwa alama moja.

Siku hizi wapo wanaouliza simu: nipe maneno yote yenye herufi hizi. Twaruhusu, ila mchezo ukiisha. Twajua ya kuwa Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Kifaransa mwaka 2015, bila kujua kukisema, kwa kukariri kamusi. Kwake ni ajabu ya kusifiwa; kwa mwanafunzi wa Goma anayetafuta lugha ya kumpatia kazi, twaona ni hasara. Kwetu anayeweka neno hutakiwa kuleta maana yake kesho.

Kijana yule alileta mawe mawili. La kwanza lilikuwa kali kama msumeno. La pili lilikuwa laini, lenye mikunjo kama kamba, nalo pia lina jina lililotoka Hawaii: pahoehoe. Lina herufi nane, na mkononi hukaa saba. Tangu siku hiyo angoja mwenzake amwekee moja ubaoni.